Jicho la Mfinyanzi Mbele ya Moto

Mzee Jomo Kenyatta alipotoa kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka 1938, aliuhesabu ufinyanzi miongoni mwa kazi za wanawake wa Kikuyu. Nao wanawake hao, wasiokuwa na joko la kujengwa wala ala ya kupimia joto, walivichoma vyungu vyao uwanjani kwa kuni na majani makavu, katika moto ambao kwa kawaida hauzidi nyuzi 900 za Selsiasi, huku wakiuchunga upepo na mawingu, kwani chungu kisichokauka barabara hupasuka kwa mvuke wa maji yaliyojificha ndani ya udongo.

Moto wa kauri ya Kichina ulikuwa mkali zaidi, karibu nyuzi 1,300, na hata hivyo mafundi wa Jingdezhen waliupima kwa macho na, msomaji mwenye adabu aniwie radhi, kwa mate. Mkuu wa joko alichungulia tunduni, akaitazama rangi ya ndimi za moto zikitoka wekundu kuelekea weupe, kisha akatema mate ndani na kuangalia yanavyotoweka. Asiporidhika, alitia kulabu ya chuma akavuta kigae chenye tundu, kilichowekwa humo makusudi kiwe shahidi wa vyombo vingine.

Shahidi huyo hakusema habari za joto peke yake. Sahani za kijani za Longquan, nazo za Kichina, ambazo vigae vyake viliokotwa katika magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, alikofukua mwanaakiolojia James Kirkman tangu mwaka 1948, hupata rangi yao kwa chembe za chuma zilizomo katika utando wa kung'aa uliopakwa juu, na kwa sharti kwamba joko linyimwe hewa ya kutosha. Hewa ikizidi, kijani hugeuka manjano au hudhurungi, na hasara huwa ya joko zima.

Baadaye jicho lilipata wasaidizi. Huko Uingereza, mfinyanzi Josiah Wedgwood alitangaza kipimo chake cha joto la joko mwaka 1782. Huko Ujerumani, Hermann Seger akaleta vijipia vyake vya udongo, vinavyoinama joto likifika, mwaka 1886. Ama anunuaye chungu sokoni, yeye hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: kikilia kwa sauti safi, hutoa fedha, kikilia kwa sauti ya ufa, hukirudisha chini taratibu.