Kimo cha Kilimanjaro na Hesabu Yake

Sisi tuliofundisha hesabu katika shule za Moshi twajua swali moja ambalo watoto huuliza kila mwaka. Kitabu cha zamani chasema kimo cha Kilimanjaro ni mita 6,010. Kingine chasema 5,895. Na watu wa siku hizi wasema 5,892. Je, mlima wapungua? Au mmoja wa waandishi amesema uongo? Swali hili lastahili jibu jema, maana mtoto asiyejibiwa huacha kuamini kitabu na mwalimu pamoja.

Tuanze na hesabu yenyewe. Jumlisha tarakimu za 5,895: 5 na 8 na 9 na 5 ni 27, na 27 yagawanyika kwa kenda. Basi 5,895 nayo yagawanyika kwa kenda bila baki, ikatoka 655. Hapa hapana uganga. Elfu ni 999 na moja; mia ni 99 na moja; kumi ni kenda na moja. Ukiziondoa kenda zote, kila tarakimu hubaki peke yake, nawe huna kazi ila kuzijumlisha. Tena 655 ni 131 mara tano, na 131 haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mambo haya hayabadiliki milele.

Sasa habari za mlima. Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliiona theluji yake, na wataalamu wengine wa Ulaya wakakataa kusadiki. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akatoa kimo cha mita 6,010. Mwaka 1952 wapimaji wa Kiingereza walipata futi 19,340, ndizo mita 5,895. Mwaka 1999 wapimaji waliotumia setilaiti walipata mita 5,892 na nusu hivi.

Wako wasemao kwamba barafu inayoyeyuka ndiyo iliyoupunguza mlima. Barafu yapungua kweli, lakini mahali pa juu kabisa pa Kibo ni mwamba na changarawe, si barafu. Kilichobadilika ni vyombo vya kupimia, na namna ya kuhesabu usawa wa bahari.

Tazama tena zile futi 19,340. Jumla ya tarakimu zake ni 17, wala hazigawanyiki kwa kenda. Nazo ni kimo kile kile cha mita 5,895. Basi kugawanyika kwa kenda ni sifa ya hesabu, si sifa ya mlima. Hesabu ni kamili. Kipimo ni kazi ya mikono ya watu. Kwa hiyo mwanafunzi atajapo kimo cha Kilimanjaro, na aseme pia kilipimwa mwaka gani, na kwa kipimo gani. Hapo vitabu vyote vitatu vitapatana.