Jumuiya inajua kuzika, kodi je?

Mpangaji akifiwa katika mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, mara nyingi watu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki ndio hutangulia kubisha hodi, kabla hata ya ndugu kufika kutoka mashambani. Huja na daftari la michango: ya mochari, ya jeneza, ya gari la kuusafirisha mwili hadi Kisii au Kakamega. Mpango huu umezoeleka kiasi kwamba wengi hudhani umekuwapo tangu ukoloni. Sivyo.

Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, katika vikundi vya majirani. Walipokutana tena mwaka 1976, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kazi yao ya kwanza. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache. Zaidi ya hayo, huruma ya kimisheni ilikuwa ikishuka kutoka juu: zahanati, shule, nguo za msaada. Maskini alipokea tu. Kwenye jumuiya, maskini huyohuyo akawa mwenyekiti, katibu au mweka hazina, na shilingi zake chache zikaandikwa pamoja na za wenzake.

Jimbo Katoliki la Nakuru, lililoundwa mwaka 1968, wakati huo lilikuwa chini ya Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyefika mwaka 1971 na kukaa robo karne. Nako Kaptembwo, magharibi mwa mji, ploti zilizidi kujaa vyumba vya kupangisha: familia katika chumba kimoja, choo kimoja kwa ploti nzima, riziki ya vibarua vya mjini. Ukiishi hivyo, ugonjwa wa jirani unaujua hata usipotaka.

Ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa ndoto kwa mtu wa kibarua, ni akina mama wa jumuiya katika mitaa ya namna hii waliowaogesha wagonjwa na kuwapikia uji. Sijui mpango wa msaada wenye bajeti ambao ungeiweza kazi hiyo.

Lakini ujirani una mipaka yake. Mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 yalipoiunguza Molo, katika jimbo hilohilo, Ndingi aliinyooshea serikali kidole hadharani, na makanisa yakageuka makao ya waliofukuzwa. Mwishoni mwa Januari 2008 moto wa vurugu za baada ya uchaguzi ulifika Nakuru mjini kwenyewe, na Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Waliokimbia walijaa Uwanja wa Maonyesho, wengine uwanja wa michezo wa Afraha. Watu walihama mtaa hadi mtaa wakifuata kabila. Waliowahi kusoma Injili pamoja chumbani mwa mmoja wao walijikuta pande mbili. Makanisa yalilisha na kuhifadhi wakimbizi, na hilo ni la kushukuriwa. Ila jumuiya kama ukuta wa kuzuia panga, haikutosha.

Kuna mpaka mwingine, usiozungumzwa sana. Daftari la michango huwafikia wapangaji, nao huchangiana umaskini wao. Mwenye ploti, anayepokea kodi yao, mara nyingi haishi hapo, kwa hiyo hayumo kwenye jumuiya ya hapo. Papa Fransisko alipofika Kangemi, Nairobi, Novemba 2015, hakuishia kuwasifu maskini kwa mshikamano wao. Alitaja ardhi, makao na kazi kuwa haki, akataja hata vyoo na mifereji ya maji taka, na kuwalaumu wanaojilimbikizia ardhi.

Kaptembwo ilikuwa imeshayaona hayo ya vyoo. Kuanzia mwaka 2012 hivi, mashirika ya Practical Action na Umande Trust yaliendesha mradi wa usafi hapo na katika mtaa jirani wa Rhonda. Hayakuishia kwa wapangaji. Yaliwatafuta wenye ploti, yakawaketisha, yakazungumza nao habari za mikopo ya kujenga vyoo bora. Hii ni hatua ambayo jumuiya, pamoja na wema wake wote, haijaizoea: kwenda kwa mwenye mali na kumdai, badala ya kuzungusha kapu tena kwa walewale. Mwenye ploti naye huenda ni Mkristo, ana jumuiya yake katika mtaa wenye lami, na harambee ya kanisa ikiitishwa hutoa vizuri tu. Kwenye jumuiya hiyo, nani humuuliza juu ya choo cha Kaptembwo?