Gordon Willis na Giza la Makusudi

Filamu ya The Godfather ya mwaka 1972 inaanzia gizani. Bonasera, mwenye biashara ya mazishi, anamlilia Don Vito Corleone amlipie kisasi kwa binti yake aliyepigwa. Kamera inarudi nyuma taratibu mpaka mgongo wa Don unajitokeza, kisha uso wake, lakini macho yamemezwa na kivuli. Nje ya ofisi ile jua linawaka, harusi imepamba moto, ngoma inachezwa. Aliyezipa dunia hizo mbili mwanga usiofanana ni Gordon Willis, mpigapicha mkuu wa filamu hiyo.

Alizaliwa New York mwaka 1931, kwa baba aliyekuwa akiwapaka waigizaji vipodozi katika studio ya Warner Bros. huko Brooklyn. Wakati wa vita vya Korea alitumikia kitengo cha picha cha Jeshi la Anga la Marekani. Baada ya hapo alisota miaka mingi akiwa msaidizi wa kamera, na alikaribia miaka 40 ndipo filamu yake ya kwanza, End of the Road, ikatoka mwaka 1970.

Giza lile la Don lilianzia kwenye shida ya kazi. Marlon Brando, aliyemwigiza Don, alikuwa na miaka 47 na alitakiwa aonekane mzee, kwa hiyo msanii wa vipodozi Dick Smith alimpaka vipodozi vya uzee na kumjaza mashavu. Taa za kawaida za mbele na pembeni zingeuanika ufundi huo wote. Willis akaziweka taa juu, zimulike kushuka chini, na paji la uso likayatia macho kivuli. Wakuu wa studio ya Paramount hawakufurahi, kwani Hollywood ilikuwa imezoea kwamba jicho la mwigizaji sharti lionekane. Lakini Don ni mtu asiyesomeka mawazo, na mwanga ule ulilisema hilo kabla ya Brando kufungua kinywa.

Willis alikuwa na ujasiri mwingine, usioonekana na mtazamaji. Wapigapicha wengi waliupa mkanda mwanga wa ziada ili maabara iwe na nafasi ya kurekebisha baadaye. Willis aliunyima. Yeyote ambaye angejaribu kuing'arisha picha yake maabara angeambulia weusi uliochujuka kuwa kijivu. Uamuzi ulikuwa umefungwa ndani ya negativu, na hakuna bosi aliyeweza kuufungua.

Mpigapicha mwenzake, Conrad Hall, akampachika jina la Mwanamfalme wa Giza. Jina lilimkaa, ingawa halimtoshi. Katika All the President's Men ya Alan Pakula, iliyotoka mwaka 1976, chumba cha habari cha Washington Post kinang'aa kwa taa za mirija, hakuna pembe ya kujificha. Giza linangoja kwenye maegesho ya chini ya ardhi, mwandishi Bob Woodward anakokutana na mtoa siri wake. Bila weupe wa chumba kile, maegesho yale yasingetisha. Hapa ndipo wengi wanaomuiga wanapokosea: wanazima taa kila mahali, mtazamaji akabaki hana cha kulinganisha.

Kati ya mwaka 1971 na 1977, filamu sita alizopiga zilipata uteuzi wa Oscar mara 39 na kushinda tuzo 19. Yeye hakuteuliwa hata mara moja. Hata Manhattan ya mwaka 1979, nyeusi na nyeupe yenye uzuri wa ajabu, ilipitwa. Ilikuwa dhuluma. Aliteuliwa kwa Zelig na The Godfather Part III, asishinde, hadi alipotunukiwa Oscar ya heshima mwaka 2009.

Kabla ya hapo negativu ya The Godfather ilikuwa imechakaa kwa kunakiliwa mno. Robert Harris aliongoza kazi ya kuifufua, Willis akiwa mshauri wa rangi na mwanga, na nakala mpya ikatoka mwaka 2008. Willis alifariki mwezi Mei 2014. Anayetaka kuiona kazi yake aitafute nakala hiyo, azime taa za sebuleni, na asiguse kitufe cha kuongeza mwanga wa televisheni.