Kutoka Lenzi ya Jicho hadi Ubongo: Historia ya Protini ya Mkazo katika Ugonjwa wa Alexander

Mwaka 1898 Werner Rosenthal alieleza vitu vinene vyenye umbo la nyuzi alivyoviona kwa hadubini katika tishu za neva. Mwaka 1949 W. Stewart Alexander alichapisha taarifa ya mtoto mdogo aliyefariki, ambaye ubongo wake ulikuwa umejaa nyuzi za namna hiyo. Ugonjwa ukapewa jina lake. Hata hivyo, kwa takriban miaka 90 tangu Rosenthal, kiini cha nyuzi hizo hakikujulikana.

Jibu lilianzia mbali na ubongo. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, nchini Italia, aliripoti kuwa kromosomu za tezi za mate za nzi wa matunda hufura mahali maalumu zinapopashwa joto. Kisa cha mwenzake aliyeongeza joto la kabati ya maabara hurudiwa mno. Lililo zito zaidi ni kwamba dinitrofenoli, kemikali tu, ilileta mfuro uleule. Protini zenyewe zilitambuliwa mwaka 1974 na Tissières, Mitchell na Tracy, zikaitwa protini za mshtuko wa joto. Jina hilo lilifinya maana, kwani joto ni mkazo mmoja tu miongoni mwa mingi inayoharibu mkunjo wa protini za seli.

Mwaka 1982 Ingolia na Craig walionesha kuwa protini nne ndogo za mshtuko wa joto za nzi zina undugu na alfa-kristalini ya lenzi ya jicho la mamalia. Lakini kristalini ilikwisha kuzoeleka kuwa mali ya jicho. Ndipo mwaka 1989 Iwaki, Goldman na wenzao walipothibitisha kuwa kristalini alfa-B hutengenezwa nje ya lenzi pia, na kwamba ni sehemu kuu ya nyuzi za Rosenthal ndani ya astrosaiti, seli zinazozihudumia neuroni.

Je, kurundikana huko kulikuwa chanzo cha maradhi au kinga? Mwaka 2001 chanzo kilionekana kwingine: kasoro katika jeni ya GFAP, protini ya kiunzi cha astrosaiti. Kisha mwaka 2009 Hagemann na wenzake waliongeza kristalini alfa-B katika astrosaiti za panya wenye kasoro hiyo, na panya waliotarajiwa kufa mapema wakanusurika.