Usanifu bayoklimatiki: nyumba na tabianchi ya Kasongo

Usanifu bayoklimatiki ni ujuzi wa kupanga nyumba kwa kuachia jua, upepo, mvua na udongo wa mahali viamue nyumba ielekee wapi, ijengwe kwa vifaa gani na ifunguke vipi. Istilahi hii ilipata nguvu mwaka 1963, Victor Olgyay, msanifu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alipochapisha kitabu chake kuhusu kusanifu kwa kufuata tabianchi.

Kwa Kiswahili napendekeza tuseme "usanifu wa kufuata tabianchi". Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mazoea ya miaka mingi, na nyumba ya familia hujengwa ili iwakute wajukuu.

Tabianchi ya Kasongo inajulikana. Mji huu wa jimbo la Maniema, Kongo, uko nyuzi 4 na nusu hivi kusini mwa ikweta, mashariki ya mto Lualaba, kule ambako misitu ya Maniema inaanza kupisha savana. Mvua hunyesha takriban kuanzia Septemba hadi Mei, kisha kiangazi. Jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, nalo huwa juu sana nyakati zote mbili. Kwa hiyo upenu wa paa uliotokeza mita 1 hutia kivuli karibu mita 2 za ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na karibu mita 3 za ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba. Magharibi mambo ni mengine: saa kumi alasiri jua limeinama, na upenu uleule haukingi hata mita 1 ya ukuta. Ndiyo maana kuta ndefu, zenye madirisha, zielekee kaskazini na kusini. Magharibi pabaki ukuta mfupi, na mwembe wa kuukinga.

Baada ya mwelekeo wa nyumba, kiungo cha pili ni baraza, au barza kama wasemavyo Wakongomani. Waungwana waliotoka pwani, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip katika miaka ya 1870 na 1880, waliingia na Kiswahili chao, na baadaye Wabelgiji wakalichukua neno barza katika Kifaransa cha koloni. Wasanifu wa leo huita sehemu kama hii "nafasi ya mpito": si ndani, si nje. Hapo sombe, majani ya muhogo, inatwangwa, mtoto anaandika kazi ya shule, mgeni anapokewa bila kupita vyumbani. Mvua ikianza, kinu na kiti vinasogezwa kuelekea ukutani na kazi inaendelea. Ukumbi mwembamba uliozungushiwa vyuma kwa urembo hauwezi kazi hiyo. Baraza ipewe upana wa kutosha watu wawili wakae wakitazamana na wa tatu apite.

Kuta nazo zina hesabu yake. Tofali bichi hutoka katika udongo wa kiwanja chenyewe, na ukuta wake mnene hupokea joto polepole. Adui yake ni maji yanayoruka kutoka chini, basi msingi na safu za kwanza ziwe za mawe au matofali ya kuchoma. Kujenga nyumba nzima kwa matofali ya kuchoma ni kulisha tanuri kuni nyingi, na kuni hizo ndiyo miti tunayotaka kuitazama dirishani. Mabati hudumu na hukusanya maji ya mvua, lakini huchoma. Chini yake iwekwe dari ya mianzi, na juu ya kuta za pembeni yaachwe matundu ili hewa ya moto itoke. Kwa njia hiyo chumba kinapoa bila feni, katika mji ambao nyumba nyingi hazina umeme.

Kabla msingi haujachimbwa, fundi na familia wasimame kiwanjani wakajibu: jua la alasiri linapiga wapi? Mvua ya upepo inatoka upande gani? Maji yatapita wapi bila kula kiwanja cha jirani? Mti upi unabaki? Majibu hayo yakiingia katika mchoro, usanifu wa kufuata tabianchi umekwisha kuanza, iwe nyumba ya vyumba viwili au vinane.