Pilipili Manga: Kiungo Kilichopokonywa Jina

Hebu fikiria: ni Ramadhani, saa kumi na moja jioni, pilau iko motoni, unafungua kikopo cha pilipili manga unakuta ni kitupu. Utafanya nini?

Mimi, mwaka wangu wa kwanza chuoni, nilitia pilipili nyekundu ya unga, kijiko kwa kijiko. Wenzangu wa chumba walifuturu kwa machozi. Nilipompigia bibi simu alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo si pilipili ya pilau. Ya pilau ni manga."

Nikabaki najiuliza. Ikiwa zote ni pilipili, mbona hii moja lazima itajwe na nasaba yake?

Kumbe kosa langu ni la kale sana. Jina "pilipili" asili yake ni neno la Kisanskriti, pippali, na halikuwa la hii nyekundu wala la ile nyeusi. Lilikuwa la pilipili ndefu, kiungo cha Bara Hindi kilicho kama kijiti chenye vinundu, ambacho wengi wetu hatujakiona. Waajemi wakasema pilpil, Waarabu, ambao hawana herufi p, wakasema filfil. Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba ratili moja ya pilipili ndefu ilikuwa dinari 15 za Kirumi, na nyeusi dinari 4 tu. Tena anasema wafanyabiashara walikuwa wakiichakachua ile ndefu kwa haradali ya Iskandariya. (Ujanja wa sokoni haukuanza jana!) Nyeusi ndiyo iliyokuwa rahisi, na baadaye ndiyo iliyobaki majikoni, pamoja na jina.

Sasa njoo huku kwetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani hii, akafika Mombasa na Kilwa. Kabla ya hapo alikaribishwa Mogadishu, akaandika alichoandaliwa: wali wa samli na vitoweo vyake, na pembeni ndimu za achari, tangawizi mbichi, maembe, na vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi. Waona? Ni kama sinia yetu ya leo. Lakini soma tena hapo kwenye "vichala". Inayozaa kwa vichala ni pilipili manga. Nyekundu haikuweza kuwa pale, kwa sababu wakati huo ilikuwa bado iko Amerika, ng'ambo ya bahari ambayo hakuna jahazi letu lililoivuka.

Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka, akitafuta njia ya kwenda kwenye viungo vya Mashariki. Pilipili manga hakuipata. Alikuta watu wa visiwa vya Karibi wakila tunda dogo linalowasha, na Januari 1493 akaandika kwamba hiyo ndiyo pilipili yao, tena inaishinda ile ya kawaida. Mimea yenyewe haina udugu wowote. Manga ni mtambaazi, na nyekundu ni ukoo wa nyanya na biringani. Lakini mtu aliyekosa alichotafuta hulipa alichopata jina lile lile. Wareno, ambao Vasco da Gama wao alifika Malindi mwaka 1498, ndio walioisambaza katika bandari za Bahari ya Hindi katika karne iliyofuata.

Na ilishinda kwa nini? Manga yataka mvua nyingi, mti wa kupandia, na miaka kama mitatu hivi ya subira. Nyekundu waitupa mbegu kwenye debe bovu nyuma ya nyumba, baada ya miezi michache wachuma. Asiyekuwa na pesa za kununua kiungo kilicholetwa na jahazi kutoka Malabar akapata ukali wake bure. Ndivyo mgeni alivyochukua jina, na mwenyeji akaambiwa aongeze "manga", yaani ya Uarabuni, kama lilivyo komamanga. Na Uarabuni kwenyewe haikutoka! Ilipita tu kwenye majahazi yao.

Kwa dada na kaka wanaopika: ladha haikurithiwa pamoja na jina. Manga ina ukali na harufu, nyekundu ni ukali zaidi. Ukikosa manga, tia nyekundu kwa ncha ya kijiko tu, kisha uongeze iliki na karafuu kidogo zibebe harufu. Nimejifunza kwa machozi ya wenzangu.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi habari ya Ibn Battuta. Nikamwambia kwamba hata achari yake, ile anayoisifu kuwa ya mababu, ina pilipili iliyokuja na Mreno. Alinitazama, akalitazama lile chupa, akasema, "Mreno alileta mbegu. Achari nimetia mimi." Akanisogezea wali.