64 (namba)

Sitini na nne ni namba inayoandikwa 64 kwa tarakimu za kawaida, LXIV kwa zile za Kiroma na ٦٤ kwa zile za Kiarabu. Ni namba asilia inayofuata 63 na kutangulia 65. Kigawo chake tasa ni kimoja tu, yaani 2: 64 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2.

Katika mfumo wa binari

Mfumo wa binari hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kuanzia kulia, thamani za nafasi ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64, kila moja ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Hivyo 64 huandikwa 1000000, yaani 1 ikifuatwa na sifuri sita, wakati 63 ni 111111.

Sifuri hizo sita zinaonyesha kuwa 64 hugawanyika kwa 2 mara sita bila baki: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kama vile kugawanya kwa 100 katika mfumo wa kawaida ni kutenga tarakimu mbili za mwisho, kugawanya kwa 64 katika binari ni kutenga sita za mwisho. Kwa mfano, 200 huandikwa 11001000. Tarakimu sita za mwisho, 001000, ni 8. Zilizobaki mbele, 11, ni 3. Basi 200 = 3 × 64 + 8.

Vigawo

Vigawo vyote vya 64 ni saba: 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Katika binari kila kimoja kina tarakimu 1 mara moja tu, tena katika nafasi yake pekee. Kwa hiyo jumla yao ni 1111111, yaani 127, ambayo ni namba tasa. Zao la 64 × 127 ni 8128, namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Katika binari huandikwa 1111111000000.

Tena 64 ni mraba wa 8 na mchemraba wa 4. Baada ya 1, ndiyo namba asilia ndogo kabisa yenye sifa zote mbili.

Katika mchezo wa bao

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda na Burundi hutumia hesabu hiyohiyo. Katika bao la kujifunza, kila shimo huanza na kete mbili. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba. Kwa binari: 1010 + 10110 = 100000, yaani 32. Kete za wachezaji wawili hufanya 1000000.

Matumizi mengine

- Namba atomia ya gadolini ni 64.
- Ubao wa sataranji una miraba 64.
- Kompyuta nyingi za kisasa hushughulikia namba zenye biti 64 kwa mara moja.